Waliosimama Sokoni Hadi Jioni

Mazungumzo ya redio. Somo: Mathayo 20:1-16

   Ikiwa una Biblia karibu nawe, ifungue katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Na kama huna, sikiliza tu, maana habari yenyewe twaijua tangu shule ya Jumapili.

Bwana Yesu alisimulia habari za mtu mwenye shamba la mizabibu, aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Akapatana nao dinari moja kwa siku, akawapeleka shambani. Saa tatu akatoka tena, na saa sita, na saa tisa. Mwisho akatoka saa ya kumi na moja. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa saa hiyo ni saa ngapi, kwa kuwa saa zetu zahesabiwa kama zile za Biblia. Ni saa kumi na moja jioni, jua limeinama, na akina mama wanafunga vibanda vyao vya mboga. Saa hiyo hakuna mtu atafutaye kibarua. Hata hivyo mwenye shamba alikuta watu wangali wamesimama sokoni. Akawauliza mbona wameshinda pale kutwa nzima bila kazi. Nao wakamjibu kwamba hapakuwa na mtu aliyewaandika.

Wahubiri wengi wametufundisha kwamba mfano huu wahusu neema ya Mungu, na jinsi yule aliyeokoka uzeeni apokeavyo sawa na yule aliyeokoka ujanani. Hiyo ni kweli, wala hatuji kuiondoa. Lakini leo tuyaangalie majibu ya wale watu wa jioni. Hawakusema kwamba walikuwa wagonjwa. Hawakusema kwamba hawapendi kazi. Walisema hawakuandikwa. Twajua sote jinsi vibarua wanavyochaguliwa. Mwenye kazi hufika, hutazama mikono, hutazama miguu, kisha huonyesha kwa kidole: wewe, na wewe, na yule pale. Yule mwenye mguu mmoja mfupi haonyeshwi kidole. Yule asiyesikia hajui kwamba watu wameitwa. Yule mzito wa kuelewa, wenzake humsukuma nyuma wakicheka. Na jua likizama, watu hupita wakasema, “Hawa hawana kazi.”

Leo basi, wapenzi, twataka kuzungumza juu ya vijana wenye ulemavu walio katika jamaa zetu na makanisa yetu, na jinsi tuwezavyo kuwatayarisha kwa kazi hapa hapa tunapoishi.

Na tuanze kwa kuungama. Katika kanisa letu alikuwako kijana wa miaka 19, mzito wa kuelewa tangu kuzaliwa. Kila Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Kila Krismasi kamati yetu ilimnunulia blanketi na kilo mbili za sukari, tukampa mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Tukajiona tumefanya jambo jema. Jumapili moja, baada ya ibada, mama yake alitungoja chini ya mti. Alisema, “Wazee wangu, mimi miguu yaniuma, na damu yangu yapanda. Nikifa, huyu atakula kwa nani?”

Tukamjibu jinsi wazee wajibuvyo. Tukamwambia, “Mama, usiwe na wasiwasi, Mungu atafungua njia.” Tukaomba pamoja naye, kisha tukaenda zetu kula chakula cha mchana.

Lakini neno la yule mama lilitufuata. Hakutuomba blanketi. Alituuliza swali, nasi tukampa baraka badala ya jibu. Wiki ile tulipokutana katika kamati tuliwahesabu watu waliokaa kanisani Jumapili ile. Alikuwako mwenye kinu cha posho. Walikuwako wenye maduka wawili. Alikuwako fundi cherehani mwenye mashine nne, na mzee mwenye kitalu cha miche, na mama mwenye hoteli karibu na stendi ya matatu, na mwalimu mkuu. Watu saba wenye uwezo wa kumwandika mtu kazi walikaa ndani ya kanisa lile lile, wakaimba nyimbo zile zile, na hata mmoja hakumwuliza kijana yule kama apenda kufanya kazi. Njia tuliyomwomba Mungu aifungue, sisi ndio tuliokuwa tumeiziba.

Wapenzi, jambo hili si geni kwa kanisa la Kenya. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu huko Thika, wakati ambapo watu wengi walidhani mtoto kipofu hana haja ya kufundishwa kusoma. Kule Kambui kanisa la Presbyterian liliwajengea viziwi shule. Tena mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa pa kwenda. Kichwa cha taarifa ile kilikuwa swali: baada ya shule, nini? Kutokana na swali lile zilianza polytechnic za vijiji, mahali ambapo kijana alijifunza useremala, uashi, ushonaji na kilimo karibu na kwao. Wengi mnaotusikiliza mlipata ufundi wenu huko.

Leo swali lile lile lasimama mbele yetu kwa ajili ya vijana wenye ulemavu. Shule zipo, ingawa hazitoshi. Kiko chuo cha ufundi cha vipofu pale Machakos. Viko vyuo vya ufundi vya viziwi kule Karen na Nyang'oma, na kule Sikri ni vya vipofu na viziwi pamoja. Tangu 1969 karakana za Bombolulu, karibu na Mombasa, zilionyesha kwamba mtu asiyeweza kutembea aweza kutengeneza mapambo na vitu vingine vya ufundi ambavyo wageni hununua. Katiba ya 2010 ilizitambua haki za watu wenye ulemavu, na Lugha ya Ishara ya Kenya ikatajwa ndani yake. Sheria ya 2003, na ile ya 2025 iliyochukua nafasi yake, zote zimezungumza juu ya kuwatengea asilimia 5 ya nafasi za kazi. Twamshukuru Mungu kwa hayo yote.

Lakini, ndugu msikilizaji, asilimia 5 ya kitalu chenye vibarua sita ni ngapi? Asilimia 5 ya cherehani nne ni ngapi? Kazi nyingi katika nchi yetu ziko katika mashamba, maduka, vibanda na jua kali. Sheria yaweza kubisha mlango wa ofisi kubwa. Mlango wa kitalu cha yule mzee hufunguliwa na yule mzee mwenyewe. Kwa hiyo na tumfuate mwenye shamba la mizabibu, tuone alifanya nini. Alifanya mambo manne.

Kwanza, alitoka. Hakungoja wale watu waje mlangoni kwake, aliwafuata walipokuwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu zaidi ya 900,000 katika Kenya, nao ni wale tu ambao jamaa zao walikubali kuwataja. Wako wengine waliofungiwa vyumba vya nyuma, ambao hata jirani hajui majina yao. Basi kutoka kwetu kuanzie hapo: mzee wa mtaa na mama wa kanisa wabishe hodi, waketi, waulize kwa upole, “Na yule mtoto wenu mwingine, hajambo?”

Nanyi wazazi, twawaomba msikie vema neno hili. Matayarisho ya kazi hayaanzi siku kijana anapofika miaka 18. Huanza siku mtoto anapotumwa kuleta kikombe. Zamani tuliwaita watu hawa “wasiojiweza”, na jina lile lilifanya kazi yake. Mtoto akiitwa asiyejiweza, mama humwogesha hata akiwa na ndevu. Ndugu zake huchota maji, naye huketi kivulini. Hatumwi dukani, hashiki pesa, haulizwi saa. Kisha afikapo umri wa kazi twasema, “Mwaona? Hajui lolote.” Aliwezaje kujua? Mfundishe kuoga mwenyewe na kupiga mswaki. Mfundishe kuamka kwa wakati, kuitambua noti ya mia na noti ya hamsini, kuvuka barabara, kusalimu watu, na kusema “sijaelewa” pale asipoelewa. Mwajiri aweza kumfundisha mtu kushika koleo. Hayo mengine hana nafasi ya kuyafundisha. Ni ninyi, tangu utotoni.

Pili, aliuliza. Mwenye shamba angeweza kuwatazama wale watu wa jioni na kujisemea kwamba ni wavivu. Yeye aliwauliza, akangoja jibu. Sisi twapenda kupanga kazi kwa ulemavu: kipofu asuke vikapu, kiziwi awe seremala, mwenye miguu dhaifu ashone viatu. Hizo ni kazi njema, nazo zimelisha watu wengi, lakini si kila kipofu apenda kusuka. Tulimjua binti kiziwi aliyewekwa kwenye cherehani miaka mitatu, kwa sababu binamu yake, naye kiziwi, alikuwa mshonaji. Alishona vibaya, akagombezwa, akalia. Siku moja ndugu yake, ajuaye lugha ya ishara, alimwuliza apendalo. Binti alikwenda chumbani akaleta sanduku la viatu lililojaa redio na simu mbovu, alizokuwa akizifungua na kuzifunga usiku. Leo afanya kazi katika kibanda cha kutengeneza simu. Wateja humwandikia shida yao katika daftari, naye huwaandikia bei.

Basi mwulizeni kijana. Kama hawezi kusema, mtazameni wiki mbili: anakimbilia kazi gani, na ni kazi gani humfanya asahau chakula? Mpelekeni kutazama watu wakifanya kazi mbalimbali. Wala msidhani mambo bado ni kama ya zamani. Siku hizi kipofu ana simu inayomsomea ujumbe kwa sauti, na malipo huingia humo humo. Kazi ambazo baba zetu hawakuziota ziko wazi kwake.

Tatu, aliwapeleka shambani. Hakuwajengea shamba dogo la pembeni la watu wa jioni. Aliwatia katika shamba lile lile walimokuwa wenzao. Hapa twarudi kwa kijana wetu.

Yule mzee mwenye kitalu alisema katika kamati, “Mleteni Jumatatu, nitamjaribu wiki mbili.” Jumatatu mzee akamweleza kazi yote kwa mara moja: changanya udongo na mchanga na mbolea, jaza vifuko, vipange, kisha mwagilia miche. Kijana aliitikia “ndiyo” kwa kila neno, maana tangu utoto alifundishwa kuwaitikia wakubwa. Kufika saa sita alikuwa amejaza vifuko vingine nusu, na vingine hadi vikapasuka, na ile miche michanga aliimwagilia mpaka udongo ukachukuliwa na maji. Jumatano mzee akamwambia yule mama, “Mama, mimi nampenda mtoto wako, lakini kazi hii haiwezi.” Mama hakujibu kitu. Alimshika kijana mkono wakaenda.

Tulidhani jambo limekwisha. Ndipo binti mmoja wa ushirika wa vijana, aliyekuwa akingoja kuingia chuo cha ualimu, akasema, “Wazee wetu, tulimpa kazi nne tukidhani ni moja. Naomba mniruhusu nikae naye.” Mzee alikubali shingo upande.

Binti yule alichagua kazi moja tu, kujaza vifuko, akaigawa katika vipande vidogo. Fungua mdomo wa kifuko. Tia kopo moja la udongo. Gonga chini mara mbili. Tia kopo la pili. Gonga tena. Kisimamishe ndani ya kreti. Alijaribu makopo mengi hadi akapata moja ambalo likitiwa mara mbili kifuko chajaa sawasawa, wala hakuna haja ya kukisia. Akatafuta kreti inayoenea vifuko 20 barabara, ili asiyejua kuhesabu ajue kwamba kreti ikijaa, hesabu imetimia. Siku tatu za kwanza alifanya kazi pamoja naye, mkono kwa mkono. Siku nne zilizofuata alikaa hatua chache, akimwonyesha kwa kidole tu. Wiki ya tatu alikaa chini ya mti akisoma kitabu chake. Wiki ya nne alikuja saa tisa tu kutazama, kisha akaenda.

Mwezi wa pili kijana alikuwa akijaza kreti 15 kwa siku, yaani vifuko 300. Vibarua wengine walijaza zaidi. Lakini vifuko vyake havikupasuka, na mzee mwenyewe alianza kuwaambia wengine wamwangalie agongavyo.

Jifunzeni jambo hili, ninyi wenye kazi na ninyi mnaofundisha. Kijana mzito wa kuelewa hujifunza vema mahali pale pale atakapofanyia kazi, kwa vyombo vile vile atakavyotumia. Akifundishwa mbali kwa kopo jingine, atatatizika afikapo kazini. Mpe kipande kimoja, kisha cha pili. Msaidizi akae karibu kwanza, kisha arudi nyuma polepole; asirudi upesi mno, tena asikae milele. Na mahali pa kazi pia pahitaji kutayarishwa. Pengine ni ubao uwekwe juu ya ngazi ili kiti cha magurudumu kipite. Pengine meza ikatwe miguu kidogo. Pengine wafanyakazi wajifunze ishara ishirini za kuzungumza na mwenzao kiziwi. Na kila mahali pahitaji mwenye kazi aseme wazi siku ya kwanza, “Huyu ni mfanyakazi mwenzenu, na hapa hatumcheki mtu.”

Nne, aliwalipa. Wasikilizaji wapenzi, hapa ndipo Neno lilipotuchoma.

Mwisho wa mwezi ule wa pili, mzee alimpa mama wa kijana mfuko wa unga na noti ya shilingi mia mbili. Vibarua wengine walilipwa kwa hesabu ya vifuko walivyojaza. Sisi tulimsifu mzee kwa ukarimu wake! Ni binti yule yule aliyeuliza, “Wazee wetu, ule unga ni zawadi, au ndio mshahara?” Tukanyamaza. Mzee alikasirika, akasema, “Nimemsaidia, na sasa mwataka kunifilisi?” Jumapili mbili alikaa mbali nasi.

Lakini tazameni ule mfano. Jioni ilipofika, wale walioandikwa mwisho hawakupewa makombo ya chakula, wala nguo kuukuu, wala shukrani. Walipewa dinari, fedha ile ile waliyopewa wenzao, tena waliwekewa mkononi wao wenyewe. Walionung'unika walikuwa wale wengine. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, atwambia kwamba mshahara uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Mungu. Kilio hicho hufika hata kama kibarua mwenyewe hajui kuhesabu. Kule kutojua kuhesabu kwake kwazidisha hatia yetu.

Mzee yule ni mtu wa Mungu. Jumatatu ya tatu alikwenda na daftari lake mpaka nyumbani kwa yule mama, akahesabu kreti zote za miezi miwili, akalipa. Alimwita kijana aje mbele, akamtia fedha mkononi. Jumapili iliyofuata tulimwona kijana akitoa sadaka. Siku zote mama yake ndiye aliyempa sarafu ya kutumbukiza katika kikapu. Siku ile alitia mkono katika mfuko wake mwenyewe. Krismasi ilipokaribia mama alikuja kwenye kamati akatuomba tulifute jina la mwanawe katika orodha ya blanketi. Akasema wako wenye shida zaidi.

Twasema pia neno la kuonya. Wako watu wanaochukua vijana wenye ulemavu, hasa mabinti, wakawafanyisha kazi za nyumbani bila mshahara, au wakawatenda maovu wakijua hawatasema, au wakisema hawataaminiwa. Kwa hiyo kanisa lisimpeleke kijana mahali kisha likamsahau. Awepo mtu mmoja anayejulikana, wa kumtembelea kila wiki na kuzungumza naye peke yake.

Wala tusiwadanganye kwamba mambo yetu yote yamenyooka. Kiangazi kilipokuja, wanunuzi wa miche walipungua, na kijana akarudi kwenye benchi la mlangoni miezi miwili mizima. Alikuja kitaluni kila asubuhi akakuta lango limefungwa, akasimama pale mpaka mtu amrudishe nyumbani. Hakuelewa kosa lake, maana hakuwa na kosa. Ndipo tulipojifunza kwamba mwenye kazi mmoja hatoshi. Sasa wakati wa kiangazi huosha vyombo katika hoteli ya yule mama wa stendini, naye alifundishwa kazi ile kwa njia ile ile, kipande kwa kipande. Mama yake angali hai, na miguu ingali yamwuma. Swali lake hatujalimaliza kulijibu. Lakini sasa wako watu watatu wanaolijibu pamoja naye, pale alipokuwa peke yake.

Basi tufanye nini, ndugu zangu? Wewe mzazi, kesho asubuhi mpe mtoto wako kazi moja ya nyumbani, na usiimalize wewe akichelewa. Mpeleke katika kituo cha elimu cha kupima watoto kilicho karibu nawe, na umwandikishe katika Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, ili asikose haki zake. Wewe mwenye duka, mwenye shamba, mwenye karakana, chukua karatasi uandike kazi ndogo ndogo zifanywazo kwako kila siku, kisha ujiulize ni ipi ambayo kijana fulani wa kanisa lako angeweza kujifunza kwa mwezi mmoja. Ninyi vijana mnaongoja vyuo, jitoeni kama binti yule. Haikumgharimu fedha, ilimgharimu wiki nne. Na wewe jirani wa mtu kiziwi, kumbuka kwamba yeye haisikii redio hii. Maneno haya yatakapochapishwa gazetini, mpelekee.

Na wewe kijana mwenye ulemavu unayetusikiliza, labda umeketi penye kivuli na redio imewekwa karibu nawe ili upitishe siku. Neno letu la mwisho ni lako. Wale watu wa jioni walikuwa wamesimama sokoni. Walikataliwa asubuhi, wakakataliwa saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na hawakwenda nyumbani. Tunajua ni vigumu kusimama hivyo, na ya kwamba kosa lilikuwa la waliokupita. Lakini usiondoke sokoni. Jifunze unaloweza kujifunza leo. Sema kwa kinywa chako, au kwa mikono yako, au kwa kalamu, kwamba unataka kazi. Yuko Bwana ambaye bado anatoka saa kumi na moja, na ikiwa sisi tunaoitwa kwa jina lake tu watumishi wake kweli, yatupasa kutoka pamoja naye.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa kuwa hukutuchagua kwa kutazama mikono wala miguu yetu. Utusamehe kwa kuwapita ndugu zetu, na kwa kuwapa blanketi wale waliotuomba kazi. Utufungue macho tuwaone, na utupe subira ya kuwafundisha, na haki ya kuwalipa. Uwakumbuke akina mama wanaolala wakiwaza ni nani atakayewalisha watoto wao watakapokuwa hawapo. Uwatie nguvu vijana wanaosimama bado wakingoja kuitwa. Utufanye sisi kuwa jibu la maombi yao na yetu. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.